Msumari Nisiousikia

Nilifika mlangoni mwa jiko la wifi yangu Mwajuma, kijijini Marui, nikatikisa mguu wa kulia ili kandambili itoke. Haikutoka. Nikatikisa tena. Nikadhani ni udongo, maana mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza na udongo wa shambani ulikuwa unanata. Nikaegemea ukuta, nikaikanyaga ile kandambili kwa mguu wa pili, nikavuta. Mguu wote ukavutika pamoja nayo.

"Wifi." Mwajuma alikuwa ndani anakuna nazi. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Wifi Zaituni, usisogee. Hebu simama hapohapo."

Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Uwanja alikuwa ameufagia asubuhi, safi kabisa, na kote nilikopita kulikuwa na alama za damu. Za mguu mmoja tu.

Akaniketisha kwenye kigoda, akaunyanyua mguu wangu, akauweka mapajani mwake. Shamba letu la mikorosho lina banda la zamani ambalo lilikuwa limeezuliwa bati wiki ile, na misumari ilidondoka kwenye majani. Mmojawapo, ule wa bati wenye kofia pana, ulikuwa umetoboa kandambili na kuzama mguuni mwangu, chini ya kidole kidogo, hadi kofia ikagota. Kandambili haikutoka kwa sababu ilikuwa imepigiliwa.

"Huumii?"

"Siumii."

"Wifi, usinifanyie ujasiri. Huumii?"

"Wallahi sisikii kitu."

Aliponiambia anauchomoa niling'ata upindo wa kanga, nikafumba macho, ukelele nikauweka tayari kooni. Nikasikia mvuto mdogo, kama mtoto anayekuvuta gauni. Basi. Nilipofumbua macho Mwajuma alikuwa ameshika msumari mkononi, na aliyekuwa analia ni yeye.

Naandika haya sasa kwa kuwa kidonda kimefunga na naweza kuyasema bila kutetemeka. Mimi ni mwanamke mstaafu, mzaliwa wa Kondoa. Kazi ya serikali ndiyo iliyonileta Kibaha nikiwa msichana, na Kibaha ndiko nilikoolewa na Omari, fundi umeme, mtoto wa Marui. Nyumba yetu iko Tangini. Kila msimu wa korosho tunakwenda shambani kwao kuokota, tunakaa kwa dada yake mpaka kazi iishe. Umri wangu ni ule ambao watu wanakuachia kiti bila kuombwa. Kama na wewe umefika hapo, au una mama aliyefika, soma taratibu.

Kilichonishangaza si kwamba nilikuwa na ugonjwa. Kilichonishangaza ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mfano wa afya mtaani kwetu. Tulikuwa na kikundi cha akina mama wastaafu, tunatembea kila asubuhi kabla jua halijapanda. Nilikuwa mbele yao. Chai yangu ilikuwa haina sukari miaka na miaka. Na mwaka ule nilikuwa nimepungua mwili, magauni yananining'inia, wenzangu wananisimamisha njiani: "Zaituni, umerudi usichana! Hebu tuambie, unakula nini?" Nami nawaambia: tembeeni, acheni sukari kwenye chai. Nilikuwa nakunywa maji jagi zima na bado kiu haikatiki, nikasema ni joto la Pwani. Nilikuwa siwezi kumaliza usingizi bila kuamka kwenda haja ndogo, nikasema ni uzee na hayo maji. Nyayo zilikuwa zinachomachoma, kisha zikaacha. Zilipoacha nilifurahi, nikadhani zimepona. Kumbe zilikuwa zimekufa ganzi.

Mume wangu alinipeleka zahanati kwa pikipiki, mguu umefungwa kitambaa. Tabibu alikuwa kijana mpole. Alinisalimia, akaosha jeraha, akanichoma sindano ya pepopunda, kisha akauliza, "Mama, una sukari?"

"Situmii sukari, mwanangu. Hata ya chai."

"Siulizi ya chai, mama. Naulizia ya kwenye damu."

Sikuwa nimewahi kupimwa. Akanitoboa kidole cha mkono. Kidole hicho nilikisikia, nikashtuka nusura niruke, na yeye akanitazama vizuri. Akasubiri kimashine. Akakiangalia, akanyamaza. Akaniambia nikanawe mikono kwa sabuni nikaushe, labda nilikuwa nimeshika tunda. Akapima tena kidole kingine. Akamwonyesha mume wangu. Hapakuwa na namba. Palikuwa na herufi mbili tu.

"Hii maana yake nini?" Omari akauliza.

"Maana yake, mzee, sukari imepita uwezo wa mashine kuisoma."

Siku hiyohiyo tulirudi Kibaha. Ndani ya gari nilikuwa nimekaa na mguu wangu kama nimembeba mgeni nisiyemjua. Nilikuwa naubonyeza. Nabonyeza kisigino, nabonyeza kidole, kimoja kimoja, macho nimefumba, najaribu kukisia nimeshika kipi. Sikupata hata kimoja. Huo mguu nimeutembelea maisha yangu yote.

Nataka nikuambie habari za benchi la hospitali, maana hakuna aliyeniambia mimi. Asubuhi ya kliniki ya kisukari benchi linajaa mapema, na ukiinamisha macho kwa aibu, unachokiona ni miguu. Hapa kiatu na bandeji. Hapa kiatu na fimbo. Hapa kiatu kimoja peke yake. Pembeni yangu alikuwa mzee wa Mlandizi mwenye magongo, kofia nyeupe, mcheshi kweli. Akaniuliza mimi nilikanyaga nini.

"Msumari."

"Mimi kaa la moto," akasema, kama mtu anayetaja kijiji alikotoka. "Nimekaa jioni uani nakoka jiko. Nikasikia harufu ya nyama. Nikamwambia mke wangu, leo jirani anachoma mishikaki. Mke wangu akaja na maji akanimwagia mguuni."

Akacheka. Watu wa benchi wakacheka naye. Mimi nilishindwa. Nilitazama pale suruali yake ilipokunjwa na kubanwa kwa pini. Nikaelewa kwamba yule mzee alianza kama mimi, na miguu yake yote miwili, siku ya kwanza, kwenye benchi hilihili.

Nililazwa. Sindano za insulini, dripu, dawa za kuua vijidudu. Kila asubuhi muuguzi anafungua bandeji, nami najilazimisha kuangalia. Siku za mwanzo tundu lilikuwa dogo, jekundu, la kuchekesha tu. Kisha pembeni pakavimba. Kisha kidole kidogo kikabadilika rangi, kikawa cha zambarau, halafu cheusi, halafu cha pili yake nacho kikaanza kukiiga. Kulikuwa na harufu. Ilinichukua muda kukubali kwamba harufu ile ni mimi.

Daktari alikuja na wenzake, akabonyeza, usaha ukatoka mbali na pale msumari ulipoingia. Akasema vidole viwili lazima viondolewe, na viondolewe upesi.

Basi familia ikakusanyika kuzunguka kitanda. Binti yangu Rehema alikuwa ametoka kazini Dar, bado ana kitambulisho shingoni. Mdogo wake Hamisi, anayeishi Dodoma, alikuwa kwenye simu, wameiweka sauti ya juu.

"Baba, mama asikatwe," Hamisi anasema. "Kuna mtu hapa ana dawa ya majani, kamtibu bosi wetu. Naituma kwa basi kesho."

"Kaa na majani yako," Rehema akamjibu. "Mguu unaoza wewe unaongelea basi?"

"Rehema, wewe siku zote unakimbilia kisu!"

"Na wewe siku zote uko mbali!"

Wakaendelea. Mume wangu alikuwa amesimama miguuni kwangu, kofia ameikunja mkononi. Kisha akamgeukia daktari. "Daktari, tukiviacha?"

Daktari hakuzungushazungusha. "Mzee, ukiviacha utarudi naye nyumbani na vidole vyake. Lakini hutakaa naye."

Rehema akageukia ukuta. Ndipo nilipogundua kwamba wote wanaongea juu ya kichwa changu, kana kwamba nimeshaondoka.

"Mguu ni wangu," nikasema. "Vikateni."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Nilipoamka kutoka chumba cha upasuaji jambo la kwanza nililolisikia ni kidole kidogo kinawasha. Kinawasha sana, kama kimeumwa na mbu. Nikamwomba Rehema anikune. Akafunua shuka, akaangalia, akanitazama, machozi yakamlenga. "Mama, hakipo." Kilipokuwapo hakikunipa habari hata ya msumari. Kilipoondoka kikaanza kusema. Kilisema kwa wiki nyingi.

Kesho yake mume wangu hakuja. Mchana ukapita, saa za kuona wagonjwa jioni zikapita. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika na ugonjwa wenyewe. Nilimwambia Rehema baba yake amekimbia kilema changu. Alikuja siku iliyofuata, viatu vina vumbi, akanipakulia uji, sikumjibu salamu. Hakujitetea.

Mwajuma ndiye aliyeniambia, baada ya mimi kuruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuja Tangini na kikapu cha kisamvu, akaketi kitandani kwangu.

"Wifi, usimnunie kaka yangu. Siku ile alikuwa kwetu. Aliviomba vile vidole hospitalini, wakampa, akavifunga kwenye kitambaa cheupe. Kavizika mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie kuchimba."

"Kavizika wapi?"

"Marui. Ubavuni mwa mama yetu."

Kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuuliza nitazikwa wapi, mimi mtu wa Kondoa kwenye ardhi ya Wazaramo. Na sasa sehemu yangu ilikuwa imeshatangulia, imepewa nafasi karibu na mama mkwe. Sikujua nicheke au nilie. Omari aliporudi kutoka swala ya alasiri nilimwomba anikalishe, nikamshika mkono. Hatukusema lolote juu ya jambo lile, na hatujalisema mpaka leo.

Kiangazi kilikuja nami nikiwa naenda kufungua bandeji siku baada ya siku. Watu wanadhani ugonjwa mgumu ni ule wa hospitali. Kwangu mgumu ulikuwa wa mezani. Rehema alihamia kwetu kwa muda, akawa askari. Akanipimia ugali wa dona kiasi cha ngumi, mboga za majani zimejaa sahani, samaki, maharage. Msimu wa mananasi ya Kisarawe ulikuwa umefika, nyumba yote inanukia, na mimi napewa kipande kimoja chembamba kama adhabu. Siku moja alinikuta jikoni nimeshika glasi ya juisi.

"Mama!"

Nilishtuka glasi ikanidondoka. Tukasimama tunatazamana, vigae kati yetu, na mimi peku.

"Usikanyage!" akapiga kelele. Akapiga magoti akaanza kuokota vipande kwa mikono, analia. "Mama, mimi nataka kukulea. Sitaki kukuzika kidole kidole."

Nilimwambia anisamehe. Naye akaomba radhi kwa kunipigia kelele. Tangu siku ile tulianza kula sahani moja, wote chakula kilekile. Baba yake akafuata bila kuombwa. Siku moja nilimwona ameondoa kopo la sukari mezani, akalipeleka kwa jirani, akarudi kunywa chai yake kavu huku amekunja uso. Huruma ndogondogo kama hizo ndizo zilizonitembeza mpaka leo.

Na Omari ndiye aliyejipa kazi ya miguu yangu. Kila jioni, baada ya kuoga, ananiambia, "Lete nione." Anavaa miwani, anakaa kwenye mkeka, anapangusa kati ya vidole vilivyobaki mpaka pakauke kabisa, anapaka mafuta kwenye nyayo na kisigino lakini kati ya vidole hapaki, maana unyevunyevu pale unaleta fangasi. Anatafuta mkwaruzo, wekundu, lengelenge. Akiwa hayupo naweka kioo sakafuni na kujitazama mwenyewe. Mara ya kwanza kuuona unyayo wangu kwenye kioo niliruka. Hivi wewe unayesoma, lini uliona nyayo zako?

Sitembei peku, hata kwenda chooni, hata ndani. Naswali na soksi safi. Kabla ya kuvaa kiatu naingiza mkono ndani, nakung'uta. Kucha nazikata moja kwa moja bila kuchimba pembeni, au ninakatiwa. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko, si kwa mguu, mguu wangu ni mwongo. Dawa na sindano kwa wakati, na sipitishi mlo. Natembea tena asubuhi, taratibu, na kabla hatujaanza wenzangu wote wananyanyua miguu na kuonyesha viatu vyao. Mwanzoni walicheka. Kisha nikawashawishi waende kupimwa, na wawili walirudi na kadi za kliniki kama yangu.

Viatu vyenyewe nilivitafuta mtaa wa Kwa Mathias, kwa wauza mitumba. Nilichagua vya kiume, vipana, visivyobana. Kijana muuzaji akaniuliza, "Bibi, unamchukulia babu?" Nikamwambia ni vyangu. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Basi bibi umetisha, hivyo ni vya kijeshi." Nilicheka mpaka nikashika meza yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Marui.

Masika yalikuwa yamepamba moto siku ninayotaka kumalizia. Tulifika kliniki tumelowa, mimi na Omari, tukakaa benchi letu. Kidonda kilikuwa kimefunga, namba zangu zilikuwa zinasomeka, moyo mweupe. Muuguzi, binti mmoja ambaye sasa ananijua kwa jina, alimaliza kunipima, akamgeukia mume wangu.

"Shikamoo baba. Na wewe leo tukupime presha?"

"Marahaba. Mimi mzima, mwanangu. Mimi ni msindikizaji tu."

"Hata wasindikizaji tunawapima. Dakika moja tu."

Akakunja mkono wa shati ili kumfurahisha. Kile kitambaa kikavimba, kikanywea. Yule binti akaangalia mashine. Hakusema kitu. Akamwambia asikunje mguu juu ya mguu, akae kimya, apumzike. Akahamishia mkono wa pili. Mimi nilikuwa namtazama usoni, na nikauona. Ule ukimya. Niliujua kutoka zahanati ya Marui.

"Baba, kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Macho? Kifua? Ganzi popote?"

"Nasikia vizuri kabisa. Nimetembea kutoka kituoni."

"Umewahi kupimwa lini?"

Omari akafikiri. Akafikiri tena. Akanitazama mimi, kama mimi ndiye ninayetunza jibu. Nami sikuwa nalo. Binti akatoka nusu anakimbia, akarudi na daktari, daktari akapima mwenyewe. Akasema kwa presha ya namna ile haelewi mzee huyu alipandaje ngazi.

Mwanamume huyu alikuwa amenishika nyayo kila jioni tangu kiangazi, ananitafutia mkwaruzo mdogo kama ncha ya sindano, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kumgeuza yeye tukamtazama. Tulitoa sukari mezani, chumvi tukaiacha. Niliona kwa macho yangu akiinyunyiza kwenye mayai asubuhi ileile.

Walimlaza kwenye kitanda cha mapumziko, wakampa dawa, wakasema haondoki mpaka ishuke. Alilala chali, kofia kifuani, amechanganyikiwa kabisa. Hajawahi kulala kitanda cha hospitali maisha yake.

"Mama Rehema," akanong'ona, "mbona sisikii kitu?"

Nilimvua viatu, nikaviweka chini ya kitanda, nikamfunika miguu kwa kanga yangu iliyolowa nusu. Daktari mwingine alikuja na faili, kijana asiyetufahamu, akaangalia huku na huku.

"Huyu mzee amekuja na nani?"

Nikasimama, na viatu vyangu vya kijeshi, nikanyoosha mkono.

"Na mimi."